Jina la Mkata Chuma: Njia za Ukoo wa Eisenhauer

Litamke jina hili kwa sauti: aizenhaua. Mjerumani akilisikia ataliandika Eisenhauer. Mwingereza akilisikia ataliandika Eisenhower, kwa kuwa katika lugha yake sauti "hau" huandikwa h-o-w. Masikio yamesikia kitu kimoja, mikono ndiyo iliyotofautiana. Sisi tunaoandika Kiswahili tunalielewa jambo hili upesi. Neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani enzi za ukoloni wao. Wao waliandika Schule, nasi tukaliandika kama tulivyolisikia, na hadi leo Mjerumani akisikia tukilitamka analitambua.

Naanza na sauti kwa sababu habari za majina ya Kijerumani yaliyovuka bahari husimuliwa mno kama habari za uharibifu: karani mzembe, afisa asiyejua lugha, jina la babu likapotea bandarini. Kadiri ninavyozifuatilia habari hizi ndivyo ninavyozidi kuona kinyume chake. Mara nyingi herufi zilibadilishwa ili sauti ibaki. Ukoo wa Eisenhauer unalionyesha hilo vizuri, na pia unaonyesha mambo mengine mawili yanayowachanganya watu wanaotafuta asili zao: kwamba wenye jina moja si lazima wawe ndugu, na kwamba ndugu wa damu wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kwa herufi ya kwanza.

Chuma kilichomo ndani ya jina

Eisen ni chuma. Hauer limetokana na kitenzi hauen, yaani kupiga kwa chombo chenye makali, kukata, kuchanja. Katika Kijerumani cha zama za kati maneno hayo yalikuwa îsen na houwen, na ile i ya mwanzo ilivutwa kama "ii" ya neno letu "tii". Baadaye, katika sehemu kubwa ya Ujerumani, ii hiyo ilipanuka ikawa ai, ndipo îsen ikawa Eisen. Waswisi hawakuifuata njia hiyo, na katika lahaja zao chuma bado kinaanza na "ii".

Wengi hulitafsiri jina hili kuwa ni mhunzi. Mimi siridhiki na tafsiri hiyo. Mhunzi kwa Kijerumani ni Schmied, naye ameacha majina yake mwenyewe, Schmidt, Schmitt na Schmitz, ambayo yamejaa kila mahali nchini humo. Hauer ni neno la machimboni. Ndiye mchimbaji anayesimama mbele ya mwamba na kifaa chake mkononi akiung'oa kipande kwa kipande. Inaelekea basi Eisenhauer wa kwanza alikuwa mtu wa kukata mawe ya chuma ardhini, au wa kukikata chuma chenyewe kilipotoka tanuruni. Mhunzi alikuwa mteja wake.

Lakini kwa nini mtu aitwe kwa kazi yake, na kwa nini mwanawe, ambaye pengine alikuwa mkulima, aendelee kuitwa hivyo?

Wajerumani walikaa karne nyingi bila majina ya ukoo. Mtu aliitwa Konrad au Heinrich, ikatosha. Kuanzia karne ya 12 miji ya kusini na magharibi, kama vile Köln, Mainz na Basel, ilijaa watu, biashara ikakua, na hati za mikopo, nyumba na kodi zikawa nyingi. Wakati huohuo majina ya watakatifu yalipendwa sana, hata mtaa mmoja ukawa na akina Johannes wengi. Karani wa mji alihitaji kuwatenganisha. Akaandika Johannes wa kinuni, na wajukuu wake wakawa akina Müller. Akaandika Johannes mfupi, wakawa akina Klein. Aliyehamia kutoka Bohemia akawa Böhm, na mwana wa Peter kule kaskazini akawa Peters au Petersen. Desturi ilishuka taratibu kutoka mijini hadi vijijini, na kufikia karne ya 16 ilikuwa imeenea karibu kote.

Nasema karibu, kwa kuwa pwani ya kaskazini watu waliendelea kuitana kwa jina la baba, kila kizazi jina jipya, kama ambavyo Juma mwana wa Hamisi anavyoitwa Juma Hamisi na mwanawe akaitwa Ali Juma. Kule Ostfriesland ilibidi amri ya Napoleon ya mwaka 1811 iwalazimishe wachague jina moja la ukoo na kukaa nalo. Wayahudi wa Austria waliamriwa hivyo mwaka 1787, na wale wa Prussia mwaka 1812. Kwa hiyo anayeuliza "jina hili la Kijerumani lina umri gani" hana budi kwanza aulizwe swali lingine: ni la upande gani wa Ujerumani, na la watu gani?

Kutokana na hayo fundo la kwanza linafunguka. Jina la kazi halikuwa na mwenyewe mmoja. Palipochimbwa chuma, hapo palikuwa na mtu wa kuitwa Eisenhauer. Mabonde mawili yasiyojuana yangeweza kuzaa koo mbili zenye jina lilelile bila tone la damu ya pamoja. Jina la mahali huwa na uwezo zaidi wa kukuonyesha chimbuko. Rockefeller, kwa mfano, limetoka Rockenfeld, kijiji kidogo karibu na Neuwied kando ya Mto Rhine, ambacho leo hakikaliwi tena. Mwenye jina hilo ana mahali pa kwenda kusimama. Mwenye jina la kazi ana kazi tu, na inambidi atafute mahali kwa njia nyingine.

Kutoka Odenwald hadi Karlsbrunn

Tawi linalojulikana zaidi, lile lililomzaa Dwight Eisenhower, rais wa 34 wa Marekani, huanzishiwa Eiterbach, kijiji cha milima ya Odenwald, si mbali na Heidelberg. Milima hiyo ilikuwa na misitu mingi na machimbo ya chuma, na mambo hayo mawili huenda pamoja, maana tanuru la zamani lilikula makaa ya miti kwa kiasi cha kutisha. Jina na ardhi vinalingana.

Kutoka huko tunamkuta Hans Nikolaus Eisenhauer upande wa pili wa Rhine, Karlsbrunn, katika msitu wa Warndt unaopakana na Ufaransa. Hapo pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Karlsbrunn kilianzishwa mwaka 1717 kwa ajili ya watengenezaji wa vioo, chini ya mtawala wa Nassau-Saarbrücken. Ukoo wowote uliokuwa Karlsbrunn miaka ya 1730 ulikuwa umetoka kwingine. Kabla ya kuvuka bahari, watu hawa walikuwa wamekwisha kuwa wahamiaji ndani ya nchi za Wajerumani zenyewe.

Sababu iko wazi ukiitazama karne iliyotangulia. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, viliuacha ukanda wa Palatinate na Saar, magharibi mwa Ujerumani, ukiwa na vijiji vitupu, wengine wameuawa, wengine wamekufa kwa tauni na njaa. Watawala wadogo wa ukanda huo, na walikuwa wengi, maana Ujerumani haikuwa nchi moja, waliita watu kutoka Uswisi na kokote waje kulima. Kisha mwaka 1688 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa yakaingia, na Heidelberg ikachomwa mwaka 1689 na tena mwaka 1693. Watu walijifunza kuhama. Aliyehama mara moja hahofii sana mara ya pili.

Hata amani iliporudi, urithi wenyewe ulisukuma watu nje. Kusini magharibi mwa Ujerumani shamba la baba liligawanywa kwa watoto wote. Jambo hilo ni la haki, na kila mzazi wetu angelipenda, lakini baada ya vizazi vitatu kila mtoto alikuwa na vipande visivyomtosha, kimoja huku na kingine kule. Kaskazini mashamba mengi yalirithiwa na mtoto mmoja, kwa hiyo shamba likabaki zima na ndugu wengine wakawa vibarua. Ndiyo maana katika karne ya 18 wahamiaji wa Kijerumani walitoka zaidi kusini magharibi, na ndiyo maana majina yao yalivuka bahari yakiwa yamebeba lahaja ya huko.

Hawakwenda wote Marekani. Wengi walishuka na Mto Danube hadi Hungaria na Banat. Baada ya Catherine wa Pili wa Urusi kutoa tangazo lake la mwaka 1763, wengine walikwenda kuishi kando ya Mto Volga. Lakini Pennsylvania ilikuwa na mvuto wake. William Penn aliipewa mwaka 1681, akaruhusu kila dhehebu la Kikristo kusali lipendavyo, na mwaka 1683 familia 13 kutoka Krefeld zikaanzisha Germantown nje kidogo ya Philadelphia. Baada ya baridi kali ya mwaka 1709 takribani watu 13,000 wa Palatinate walimiminika London wakiomba kupelekwa Amerika. Barua zilizorudi vijijini zikafanya kazi iliyobaki.

Kuondoka hakukuwa rahisi. Mtu wa kijijini mara nyingi alikuwa amefungwa kwa bwana wa ardhi, akahitaji kununua ruhusa ya kutoka. Karatasi za ruhusa hizo ndizo leo zinazotuambia nani aliondoka na lini. Aliyekwepa kulipa akaondoka usiku hakuacha karatasi.

Foleni ya kwenda mahakamani

Safari ilianzia kwenye mashua za Rhine hadi Rotterdam. Gottlieb Mittelberger, mpiga kinanda cha kanisa aliyesafiri mwaka 1750, aliandika kwamba kutoka Heilbronn hadi Uholanzi mashua zilisimamishwa kwenye vituo 36 vya ushuru, na kila kimoja kiliwakalisha abiria kadiri kilivyopenda. Wiki nne hadi sita zikaisha, na akiba nazo. Kisha bahari, kupitia bandari ya Kiingereza kama Cowes, wiki nyingi chini ya sitaha pamoja na wagonjwa. Aliyekosa nauli aliuzwa huduma yake Philadelphia: akafanya kazi kwa bwana aliyemlipia, miaka mitatu, minne, hata sita.

Hans Nikolaus Eisenhauer alifika Philadelphia Novemba 1741 kwa meli iitwayo Europa. Hapo ndipo jina lake lilipoingia katika maandishi ya Marekani, na njia ya kuingia inafaa kutazamwa kwa karibu.

Tangu mwaka 1727 serikali ya Pennsylvania, ikiwa na hofu ya Wajerumani wengi wasio raia wa mfalme, iliagiza kila mwanamume wa miaka 16 na kuendelea ale kiapo cha utii kwa Mfalme wa Uingereza. Meli ilipotia nanga, daktari aliwakagua, kisha wanaume walishushwa na kupelekwa kwa msafara mahakamani. Fikiria watu waliokaa wiki 10 majini, miguu haijazoea nchi kavu, wanapita katikati ya mji wasiouelewa lugha. Mbele ya hakimu walisomewa kiapo kwa Kiingereza, wakatafsiriwa, wakaitikia. Kisha karatasi ikaletwa.

Aliyejua kuandika alitia saini kwa mwandiko wa Kijerumani. Asiyejua, karani alimwandikia jina, naye akatia alama yake, msalaba au herufi mbili zilizotetereka. Zaidi ya hapo nahodha alikuwa na orodha yake ya abiria. Kuanzia mwaka 1729 kikaongezwa kiapo kingine chenye orodha nyingine. Kwa hiyo mtu mmoja, katika siku moja, aliweza kuandikwa mara tatu, na mara zote tatu tofauti. Nahodha Mwingereza aliandika alichosikia. Karani aliandika alichosikia. Mwenyewe, kama aliandika, aliandika alichofundishwa na mwalimu wa kijijini kwake, ambaye naye hakuwa na kamusi.

Hatuwezi basi kusema tahajia "sahihi" ilipotea siku hiyo. Haikuwapo. Ukichukua daftari la kanisa la Kijerumani la miaka hiyo utakuta mchungaji mmoja akiandika jina la baba kwa namna moja kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza na kwa namna nyingine kwenye ubatizo wa wa tatu. Ujerumani yenyewe haikuwa na ofisi za serikali za kuandikisha vizazi na vifo kote nchini hadi tarehe 1 Januari 1876, ingawa upande wa magharibi wa Rhine Wafaransa walizileta tangu mwaka 1798. Tahajia ya jina ilianza kuwa sheria hapo. Aliyeondoka mwaka 1741 aliondoka na sauti.

Habari ya Ellis Island, kwamba maafisa wa huko ndio waliobadili majina ya wahamiaji, nayo inapaswa kuwekwa mahali pake. Kituo hicho cha New York kilifunguliwa mwaka 1892, miaka 151 baada ya Europa kutia nanga Philadelphia, na maafisa wake walisoma majina kwenye orodha zilizoandikwa bandarini walikotoka abiria. Hawakuwa na kazi ya kuwabatiza watu upya. Majina mengi yaliyobadilika karne ya 19 na ya 20 yalibadilishwa na wenyewe, polepole, dukani, shuleni na kanisani.

Lahaja ilivyotia mkono wake

Katikati ya karne ya 18 Wajerumani walikuwa wengi Pennsylvania, na makadirio yanayotokana na hesabu ya watu ya mwaka 1790 huwaweka karibu theluthi moja ya wakazi. Lugha yao, waliyoiita Deitsch, ilifanana zaidi na lahaja za Palatinate kuliko Kijerumani cha vitabuni. Waingereza waliwaita Dutch, neno ambalo wakati huo lilihusu Wajerumani pia, si Waholanzi pekee, na hadi leo watu hudhani walitoka Uholanzi.

Lahaja hiyo inaeleza mambo ambayo tahajia pekee haiwezi. Chukua jina Huber. Ni mkulima aliyemiliki Hube, kipimo cha shamba kamili. Kwa nini wajukuu wa Andreas Huber wa Ellerstadt, aliyefika mwaka 1738, wakawa akina Hoover? Kwa sababu katika Palatinate b inayokaa kati ya irabu mbili hulainika ikakaribia v. Huber alijitaja "Huuva", na Mwingereza aliandika Hoover. Herbert Hoover, rais wa 31, alikuwa na jina linalotunza matamshi ya kijiji cha babu zake kuliko jina la Huber aliyebaki Ujerumani na kusomeshwa Kijerumani sanifu. Hili hunifurahisha kila ninapolikumbuka: kosa la karani limegeuka kinasa sauti.

Vivyo hivyo Eisenhauer. Kwa msomaji wa Kiingereza herufi a-u huelekea kusomeka "oo", kama katika August. Ukoo ungeng'ang'ania tahajia ya Kijerumani, majirani wangewaita Aizenhoa. Walipokubali o-w, wakabaki na hau yao. Eisen wao waliiacha ilivyo, na hapo majirani walizoea kwa mazoea tu.

Tofauti kabisa na hilo ni kutafsiri jina. Zimmermann akiwa Carpenter, amehifadhi kazi ya babu na kuitupa sauti. Schmidt akiwa Smith amepata vyote kwa pamoja kidogo kidogo. Mabadiliko ya aina hiyo yaliongezeka mwaka 1917 na 1918, Marekani ilipopigana na Ujerumani na Kijerumani kikawa lugha ya kushukiwa mitaani. Akina Eisenhower hawakuguswa, tahajia yao ilikuwa ya kale tayari. Wala jemadari aliyeongoza majeshi ya Marekani Ufaransa katika vita hivyo, John Pershing. Babu yake wa kale, Friedrich Pförschin, alitoka Alsace mwaka 1749.

Kansas na Reims

Jacob Eisenhower alizaliwa mwaka 1826 Elizabethville, Pennsylvania. Alikuwa mkulima na mhubiri wa River Brethren, Wakristo waliofanana na Wamenoni: wakibatiza kwa kuzamisha, wakivaa mavazi yasiyo na mapambo, wakikataa kushika silaha. Alihubiri kwa Kijerumani, zaidi ya miaka mia moja baada ya Europa. Hilo lafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba herufi zikibadilika basi lugha imekwisha kufa. Jina lilikuwa limevaa Kiingereza, nyumbani na kanisani Kijerumani kikiendelea.

Mwaka 1878 Jacob na waumini wenzake walihamia kaunti ya Dickinson, Kansas, ambako reli ilikuwa imefika na ardhi ilikuwa pana. Mwanawe David hakuupenda ukulima. Alijaribu duka katika mji mdogo wa Hope, likafa, akaenda Denison, Texas, kutafuta kazi ya reli. Huko ndiko alikozaliwa Dwight, tarehe 14 Oktoba 1890. Mwaka 1892 familia ilirudi Kansas, mji wa Abilene, David akapata kazi kwenye kiwanda cha siagi cha jumuiya ya dini yao.

Mjukuu huyo wa mhubiri asiyeshika silaha ndiye aliyeamuru majeshi kuvuka kwenda Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944 katika Vita vya Pili vya Dunia. Na tarehe 7 Mei 1945, baada ya Jenerali Alfred Jodl wa Ujerumani kutia saini hati ya kusalimu amri ndani ya jengo la shule mjini Reims, aliingizwa mbele ya Eisenhower, akaulizwa kama ameyaelewa masharti. Kutoka Reims hadi msitu wa Warndt ni mwendo wa siku moja tu kwa gari la zama hizo.

Ndugu walio chini ya herufi nyingine

Sasa turudi kwa wale wasioandikwa vitabuni, maana ndiko fundo gumu liliko.

Wajerumani wengi hawakukaa Pennsylvania. Ardhi ilipopanda bei, watoto wao walishuka kusini kwa barabara ya mikokoteni hadi nyanda za North Carolina. Huko utakuta Isenhour, Icenhour na Icenhower. Kule makarani waliisikia ai ya mwanzo wakaiandika kwa I, kama ilivyo kawaida ya Kiingereza, na wengine wakaona neno "barafu" la Kiingereza limejificha humo wakatia c. Anayeona Icenhour akaenda kutafuta maana yake kwenye kamusi ya Kiingereza atapata barafu na saa, na hatamwona mchimba chuma kamwe.

Kaskazini kabisa, Nova Scotia ya Kanada, pana tawi jingine. Kati ya mwaka 1750 na 1752 serikali ya Uingereza iliajiri wakala Rotterdam akusanye Waprotestanti wa kigeni wa kuijaza koloni iliyokuwa na Wafaransa Wakatoliki wengi. Mwaka 1753 walipelekwa kuanzisha mji wa Lunenburg. Walikuwamo akina Eisenhauer. Leo eneo hilo lina akina Eisenhauer walioshika tahajia ya Kijerumani, na James Daniel Eisenhauer aliwahi kuliwakilisha katika bunge la Kanada. Lakini wapo pia akina Eisnor na akina Isnor. Litamke Eisenhauer haraka, kama jirani amwitaye jirani ng'ambo ya ua, ukiimeza silabi ya katikati na kuilegeza ya mwisho: aiznaa. Hapo karani aliandika Eisnor, na mwingine Isnor. Hao nao hawakuharibu kitu.

Anayetafuta ndugu zake katika msitu huu ana vikwazo vingine vidogo vinavyokula siku nzima. Mtoto wa Kijerumani wa wakati huo alibatizwa majina mawili, na la kwanza mara nyingi lilikuwa Johann au Hans kwa wavulana wote wa nyumba. Jina la kuitwa lilikuwa la pili. Kwa hiyo Hans Nikolaus akigeuka Nicholas katika hati ya Kiingereza, usidhani Hans alikufa. Wanawake waliongezewa -in mwishoni mwa jina la ukoo hadi karne ya 18, na Margaretha Eisenhauerin wa daftari la kanisa si wa ukoo mwingine, ni mke au binti wa Eisenhauer.

Na kuna mwandiko wenyewe. Wachungaji waliandika kwa mkono uitwao Kurrent, ambao e yake ni vijiti viwili vilivyoinama, karibu sawa na n. Herufi u nayo inafanana na n kiasi kwamba mwandishi huitia kijiupinde juu ili itofautiane. Sasa tazama jina letu: kipande cha "sen" kina e na n zikishikana, na "hau" ina u inayongoja upinde wake. Wino ukififia, upinde ukipotea, msomaji wa leo anahesabu vijiti tu. Anayenakili orodha kwenye kompyuta akikosea kijiti kimoja, babu ameingia chini ya jina ambalo halijawahi kuwapo duniani, na programu ya kutafuta haitamleta.

Kipimo cha vinasaba kinachofuata upande wa baba kinaweza kuamua kama Isenhour wa Carolina na Eisnor wa Lunenburg wana babu mmoja, kwa kuwa kromosomu Y inayopimwa hupita kutoka baba hadi mwana kama jina linavyopita. Lakini hakimwambii mtu kijiji. Kijiji kinatoka kwenye karatasi, na karatasi zinatafutwa kwa sikio. Anayefungua orodha za Nova Scotia na kuishia kwenye herufi E atawapata akina Eisenhauer na akina Eisnor. Akina Isnor wako kurasa nyingi mbele, chini ya I, pamoja na wenzao wa Carolina.